Tunategea hadi ujasiri

Alikuja ofisini siku nne baada ya matokeo kutoka. Alibisha mlango ingawa ulikuwa wazi, akasema "shikamoo mwalimu, samahani, naomba dakika tano tu," akakaa, afu kwa muda hivi hakusema kitu, akawa anavuta zipu ya begi lake na kuirudisha. Mi nikajua tu ni mambo ya maksi, manake wiki ya matokeo kila anayebisha ni maksi. Kumbe alikuwa amekuja kuniambia kwamba maksi zao hazikuwa halali.

Grupu lao lilikuwa la watu watano na lilitakiwa kukusanya dodoso 60. Walipata 22. Zile 38 zilizobaki walizijaza wenyewe usiku mmoja, kila mtu kapewa fungu lake, wanabadilishana kalamu ili mwandiko usifanane, mmoja akaona na hilo halitoshi akaanza kuandikia mkono wa kushoto. Na hapa ndo panaponiuma mpaka leo, kazi yenyewe ilikuwa ya somo langu mimi, somo la kazi za timu, uongozi na maadili kwenye taasisi, na mada waliyoichagua wenyewe ilikuwa uaminifu kazini.

Nikamuuliza, hakuna aliyekataa? Akasema hakuna mwalimu. Na wewe je? "Mi nilijua si sawa, lakini nikaona wenzangu wote wameshakubali, nikasema basi wengi wape."

Nilimuomba ruhusa nikaongea na wale wenzake wanne, mmoja mmoja. Wote wanne wakanipa jibu lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Kila mmoja alijua ni kosa, kila mmoja alikuwa na wasiwasi moyoni, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye wasiwasi. Nilipotaka kujua wazo lilitoka kwa nani hakuna aliyekumbuka vizuri. Mtu fulani alisema "sasa tutafanyaje, si tujazie tu," kwa sauti ya nusu utani, hakuna aliyecheka na hakuna aliyekataa, mwingine akavuta rundo la dodoso akaanza kujaza. Binti mmoja aliniambia alikuwa ameshafungua mdomo aseme, ila akaona kazi imeshaanza, akaona aibu kuwa yeye ndo wa kuisimamisha. Yaani uamuzi ule haukuwa na mwenyewe. Watu watano walifanya kitu ambacho hata mmoja wao hakukitaka.

Na nilikuwa nimewafundisha! Wiki ya tisa ya muhula ule tulikuwa na maadili wiki nzima, tukapitia wajibu, matokeo, haki, tukajadili kesi, wakafanya jaribio wakafaulu wote watano. Mmoja wao aliandika insha nzuri kuliko zote darasani kuhusu mtu kusimama na ukweli hata akiwa peke yake. Niliirudia insha ile baada ya yale mazungumzo, na sikuona unafiki ndani yake hata kidogo. Aliyaamini aliyoyaandika. Ila siku ya siku hakuwa na sentensi ya kusema.

Tangu hapo ni kama nimekuwa nikifundisha na kutafiti swali moja tu, hata nikilipa majina tofauti: kwa nini watu wazuri wakikaa pamoja wanauchuna?

Kuna jaribio la zamani ambalo kila anayefundisha mambo ya timu analijua, la Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, lilichapishwa mwaka 1913. Aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao. Ungetegemea watu 8 wavute mara nane ya mtu mmoja, lakini haikuwa hivo, kadiri watu walivyoongezeka ndivyo fungu la kila mmoja lilivyopungua, na kwenye watu 8 kila mtu alikuwa anatoa karibu nusu tu ya nguvu zake. Mtu anaweza kusema hapana, ni kwamba walikuwa wanagongana na hawavuti kwa pamoja. Sawa, hilo lipo. Lakini mwaka 1974 watafiti wengine walirudia kwa ujanja, mtu anafungwa kitambaa machoni, anaambiwa nyuma yako kuna wenzako wanavuta, kumbe wale wa nyuma wameshika kamba tu hawavuti. Hakuna wa kugongana naye, na bado nguvu ilishuka. Kule kuamini tu kwamba wapo wengine kulitosha kumfanya mtu alegeze mkono, bila hata kujua kwamba amelegeza.

Kiswahili tuna neno la hili, kutegea. Kila aliyewahi kufanya kazi ya grupu analijua. Na kwa miaka mingi nililifundisha kama tatizo la jasho tu, nani kaandika sura ya pili, nani haji kwenye vikao, nani jina lake liko kwenye jalada na mkono wake haupo ndani. Usiku ule wa dodoso 38 ulinionyesha kwamba tunategea vitu vingine pia. Tunategea ujasiri. Wale watano kila mmoja alikuwa ameshika kamba ya kusema hapana, kila mmoja akalegeza kidogo akisubiri wenzake wavute, na kwa kuwa hakuna aliyeona mwenzake akivuta, kila mmoja akaamini hakuna anayetaka kuvuta. Paka anajulikana, kengele ipo, wa kumfunga hayupo.

Ukiliangalia hivo hata dawa inabadilika. Mtu anayetegea kamba hutamtibu kwa kumhubiria kuhusu bidii. Utafiti uliofuata, ule wa kina Latané miaka ya 1979 na 1981 ambapo walikuwa wanawapigisha watu makofi na kelele badala ya kamba, ulionyesha kwamba mtu akijua sauti yake inapimwa peke yake, kutegea kunaisha. Kwa hiyo kama ujasiri nao unategewa, pengine mahubiri yangu ya wiki ya tisa yalikuwa dawa ya ugonjwa mwingine kabisa. Nilikuwa nadhani wanafunzi wangu hawajui lipi ni baya. Walijua. Tatizo lilikuwa fungu la kila mmoja halikuwa linaonekana.

Sasa kuna kitu kingine ambacho mi nakipenda kuliko vyote kwenye fani hii nzima, nacho ni habari ya mtu wa pili.

Solomon Asch, mwaka 1951, aliwaweka watu wakalinganisha urefu wa mistari, swali rahisi ambalo mtoto analiweza, ila kundi zima lilikuwa limepangwa litoe jibu la uongo na mmoja tu ndo alikuwa hajui. Yule mmoja alifuata kundi karibu theluthi moja ya mara. Hii ndo sehemu ambayo kila mtu anaijua na inaishia hapo. Lakini Asch aliendelea. Aliweka kwenye kundi mtu mmoja tu, mmoja, anayetoa jibu la kweli, na makosa yakashuka mpaka kama robo ya yalivyokuwa. Halafu Milgram, yule wa majaribio ya shoti za umeme, ambapo mtu anaambiwa ampige mwenzake shoti kali zaidi kila akikosea jibu, kumbe shoti zenyewe ni za uongo (majaribio ambayo yenyewe yana maswali mazito ya maadili, watu walidanganywa na wakatoka wameumia, siyafundishi bila kulisema hilo). Wengi wanakumbuka kwamba watu 26 kati ya 40 walienda mpaka mwisho wa swichi. Wachache wanakumbuka kwamba alipoweka wenzake wawili wanaokataa katikati ya kazi, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Walewale watu wa kawaida, ofisa yuleyule anayewaambia endelea. Tofauti ni kwamba kuna mtu pembeni amesema mi siendelei.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia "mwalimu, mi peke yangu ningefanya nini," siku hizi nina jibu la kweli la kumpa. Ungemrahisishia wa pili. Na kama unaogopa kuwa wa kwanza, basi jifunze kuwa wa pili, manake wa kwanza akiachwa peke yake kwa dakika moja tu ameshakuwa msumbufu, ameshakuwa "yule anayependa kujifanya," lakini mtu akisema "hata mimi nina wasiwasi na hilo" pale pale, wasiwasi unageuka kuwa ajenda ya kikao. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kazi nikiangalia tu hili, na mara nyingi sentensi ya pili ndo iliyoamua.

Kesi ninayoanzia nayo muhula siku hizi ni ya Dennis Gioia. Miaka ya 1970 alikuwa kijana tu, ametoka masomoni, akaajiriwa Ford na akapewa kazi ya kuratibu mambo ya kurudisha magari yenye kasoro. Ripoti za gari la Pinto kuwaka moto likigongwa nyuma zilipita mezani kwake. Aliona hadi gari lenyewe lililoungua. Kikao kilipopiga kura kama gari lirudishwe au lisirudishwe, naye alipiga kura ya kutorudisha. Ford walikuja kulirudisha mwaka 1978, yeye ameshaondoka, na baadaye akawa profesa wa mambo haya haya ya taasisi, na mwaka 1992 akaandika kwa jina lake mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Hakujitetea na hakujipiga kifua. Alisema kitu ambacho kinanitisha zaidi ya kusikia mtu amehongwa, kwamba wakati ule hakuliona kabisa kama jambo la maadili. Alikuwa na mafaili mengi, alikuwa na utaratibu kichwani wa faili gani ni zito na lipi si zito, na Pinto halikufikia kipimo. Yeye mwenyewe alikuwa anaendesha Pinto, na akaja kuliuza kwa dada yake.

Huwa nawaachia darasa hilo la dada bila kusema kitu kwa muda. Mtu mbaya hauzii dada yake gari ambalo anaamini litamuua. Hakuwa mbaya, alikuwa amezoea. Na mazoea hayaji na harufu, ndo maana naona kumfundisha mtu nadharia za maadili bila kumfundisha kushtuka ni kazi nusu. Kampuni ya Enron ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64, cha mwaka 2000, na Desemba 2001 ikafilisika kwa udanganyifu wa mahesabu. Maneno yalikuwepo yote.

Basi nikabadilisha somo. Nadharia sijazitoa, ila nimezipunguza, na muda uliopatikana tunaufanyia mazoezi ya mdomo. Kweli kabisa, mazoezi, kama watu wa kwaya. Nawapa hali fulani, tuseme bosi anataka tarehe ya ripoti irudishwe nyuma wiki mbili ili ionekane iliwahi, na kazi yao si kuniambia ni sawa au si sawa, hilo tumeshalijua, kazi yao ni kuniambia utasema nini. Neno kwa neno. Ukiwa umekaa wapi, nani yupo, sauti gani. Na hapo ndo utaona watu wanavyokwama! Vijana wanaoweza kuandika kurasa kumi kuhusu uadilifu, ukiwaambia sema sasa, wanashika shingo, wanacheka kwa aibu, wengine wanatoa hotuba kali ambayo kwenye kikao cha kweli ingewafukuzisha kazi na isingebadilisha kitu.

Hotuba kali nazikataa, na nimebishana na wenzangu wengi kuhusu hili. Lugha yetu ina njia zake za kumwambia mkubwa bila kumvunjia heshima na tusizione kama woga. "Mzee, naomba nieleweshwe kitu kimoja kabla hatujasaini." "Bosi, nina wasiwasi na tarehe hii, naona kesho tutaulizwa na hatutakuwa na majibu." "Samahani, mi nimehesabu nimepata 22, naomba tuhesabu pamoja." Hiyo ya mwisho ni ya binti yule aliyekuwa amefungua mdomo. Aliitunga mwenyewe muhula uliofuata, tukaifanyia mazoezi darasani, akaisema mara tano mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Heshima inakuwa tatizo pale tu inapokuwa imemeza ujumbe wenyewe, mtu kaomba radhi mara tatu, kasifia mara mbili, kamaliza, na bosi katoka kikaoni akidhani amesifiwa.

Kwa hilo nawapeleka Tenerife, kisiwa cha Hispania. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu uwanjani, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziko kwenye njia moja, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkongwe, mtu anayefundisha marubani wengine. Alianza kuisogeza ndege, msaidizi wake akamkumbusha bado hatujapata ruhusa, akasimama. Alipoanza mara ya pili yule msaidizi hakumpinga tena moja kwa moja. Injinia wa ndege ndo akauliza, hivi yule wa Pan Am ameshatoka njiani kweli? Rubani akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ametoka. Hakuna aliyesema zaidi. Walikufa watu 583. Angalia kilichokuwemo ndani ya chumba kile kidogo: mtu wa kwanza alisema, ila mara ya kwanza tu, na wa pili alisema, ila kwa umbo la swali ambalo linaweza kujibiwa "ndiyo" likaisha. Wasiwasi wao wawili haukukutana sekunde moja. Baada ya hapo, na ajali nyingine, NASA, shirika la anga la Marekani, waliitisha warsha mwaka 1979 na mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani kuongea na wakubwa wao na wakubwa kusikiliza, yaani kitu tulichokuwa tunadhani ni tabia ya mtu kikawa kinafundishwa na kupimwa kama kutua.

Hospitali nazo zilifuata njia hiyo. Ile orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye hospitali nane katika miji minane duniani, Ifakara ikiwa mmojawapo, na matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani yake kuna vitu vya dawa na vifaa, lakini kuna kipengele kimoja ambacho mtu anaweza kukicheka, kwamba kabla ya kuchana ngozi kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mi sikicheki. Mtu aliyeshasema neno moja kwa sauti mbele ya daktari bingwa ni rahisi kusema la pili akiona kitu hakiko sawa. Nimeichukua hiyo nzimanzima, kila kikao cha magrupu yangu kinaanza kwa kila mtu kusema sentensi moja ya alichofanya na kimoja kinachomtia wasiwasi, na mwenyekiti anasema mwisho. Fungu la kila mtu linaonekana, kama kamba iliyopimwa.

Mwenyekiti anasema mwisho, hilo nalishikilia sana. Uongozi una vitabu vingi na mimi nimevisoma vingi, ila ninachokiamini baada ya miaka hii ni kidogo na ni cha karibu: kiongozi anaifundisha timu yake kunyamaza au kusema kwa zile sekunde chache baada ya mtu kumletea habari mbaya. Akikunja uso, somo limeisha. Akisema "asante, hebu rudia hapo," nalo limeisha. Na swali la "hamna tatizo eh? haya twende" si swali, ni mlango unaofungwa. Nawafundisha waulize "nini kinaweza kutuharibikia hapa?" wakianzia kwa mgeni kuliko wote, afu wanyamaze, na kunyamaza kwa kiongozi ni kazi ngumu wala hakuna anayeizaliwa nayo.

Sisemi kusema kunatosha. Usiku kabla ya kurushwa Challenger, chombo cha anga cha NASA, Januari 1986, mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walisema wazi kwamba baridi ile ni hatari kwa zile pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi, wakaonyesha na data. Mkubwa mmoja wa uinjinia akaambiwa avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Kesho yake chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka na watu 7 wakafa. Kwa hiyo nikisikia mtu anawatwisha wafanyakazi wa chini mzigo wote, "mngesema," roho inaniuma. Walisema.

Sasa upande wa utafiti. Hili nimelikalia muda mrefu.

Mwanzoni kabisa mwa kazi yangu nilipata nafasi ya kupima timu kwenye taasisi moja, siitaji. Nilikuwa napima kama watu wanaona ni salama kusema ukweli kwenye timu zao, kitu alichokipa jina na vipimo mtafiti Amy Edmondson kwenye makala yake ya mwaka 1999. Wazo lake lilimjia kwa njia nzuri sana: alikuwa ametafiti makosa ya dawa hospitalini, akitegemea timu bora ziwe na makosa machache, akakuta zina mengi kwenye kumbukumbu, mpaka akagundua kwamba hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Mi nikagawa dodoso, nikawaahidi watu majina hayatajulikana, na kweli sikuandika jina la mtu. Mwisho uongozi ukaniomba matokeo kwa kila kitengo. Nikawapa. Kitengo kimoja kilikuwa na watu wanne. Wastani wa watu wanne, wawili kati yao wakiwa wameajiriwa mwaka uleule, si siri hata kidogo, mtu yeyote anaweza kukaa chini akahesabu nani kasema nini. Baada ya wiki kadhaa nikasikia mkuu wa kitengo amewaita mmoja mmoja akiuliza nani kamwandika vibaya.

Nilikwenda kuwapima kama wana usalama wa kusema, na mimi ndiye niliyewapunguzia. Niliwafuata nikawaomba radhi, wawili walinisikiliza. Mmoja aliniambia "sisi tulikuamini wewe, sio hiyo karatasi." Tangu hapo timu yenye watu chini ya idadi fulani siitolei ripoti yake peke yake, na nayaandika hayo kwenye makubaliano kabla sijagawa dodoso hata moja, na mkuu asiyetaka kusaini naondoka. Nimeshaondoka mara mbili. Unapoteza data, inauma, lakini utafiti wa uaminifu unaowaumiza waaminifu sijui una faida ya nani.

Na si mimi tu, fani yetu nzima imejeruhiwa mahali hapo. Mwaka 2012 ilitoka makala maarufu iliyodai kwamba watu wakisaini tamko la ukweli juu ya fomu badala ya chini wanasema ukweli zaidi. Ilipendwa sana, mi mwenyewe niliifundisha, niliiweka kwenye slaidi. Watafiti walipoijaribu tena haikutokea, na mwaka 2021 makala ikafutwa baada ya kugundulika kwamba data za jaribio mojawapo zilikuwa zimepikwa. Data za kupika kwenye utafiti wa uaminifu. Nilipoisoma habari ile niliwaza moja kwa moja vijana wangu watano na dodoso zao 38, na nikajisikia vibaya kwamba wao ilibidi wakae mbele yangu na kulia.

Kuhusu wale watano, walirudia kazi. Walifuta zile 38 wakaandika ripoti ya dodoso 22, na kwenye sura ya mbinu wakaeleza wenyewe kilichotokea. Utaratibu wa adhabu ulifuatwa, sikuuzuia na sikuona haki ya kuuzuia. Yule aliyekuja ofisini wenzake hawakumsemesha karibu muhula mzima, na hilo sikuwa nimeliwaza. Nilimwachia mzigo peke yake wakati nafundisha mtu wa pili. Siku hizi mtu akija hivo namuuliza kwanza, nani mwingine unadhani anaona kama wewe, nenda mkaje wawili, nitasubiri. Wengi wanarudi wawili. Wengine wanarudi watano.

Muhula uliopita nilirudisha kazi za magrupu darasani na nikatangaza kwamba grupu moja nimelikata maksi kumi kwa kuchelewa. Binti mmoja akasimama. "Mwalimu, naomba tuhakikishe kitu kimoja kabla hatujaendelea. Tarehe uliyotuandikia ubaoni ilikuwa Ijumaa." Nikamwambia hapana, nilisema Jumatano, na nadhani uso niliukunja, manake darasa zima lilitulia na yeye akaanza kukaa. Afu nyuma kabisa kijana mmoja, wala si wa grupu lile, akasema, "Hata mimi niliandika Ijumaa, mwalimu." Nikasikia madaftari yanafunguliwa. Nikafungua na la kwangu. Ilikuwa Ijumaa, nikawarudishia maksi zao kumi.